UZI: Kalsiamu, tezi nne za shingoni, na kwa nini mkebe wa vidonge sio jibu la kila kitu

LabuTeki_Nax
Wadau habari za jioni. Huu uzi nimeuahirisha sana lakini nimeona tena mtu ametoka kemisti na mkebe wa kalsiamu juu magoti yanamuuma, hakuna aliyempima kitu, na mama aliyekuwa nyuma yake kwa laini naye akauziwa mkebe wake, ati ni nzuri kwa presha. Mimi niko maabara hapa Nakuru, si daktari, kwa hivyo sitamwambia mtu anywe nini, lakini namba za kalsiamu zinapita mikononi mwangu kila siku ya kazi na kuna vitu naona watu wanafaa kuvijua kabla hawajaanza kumeza. Nitaandika kipande kipande, ukiwa na swali ingilia tu katikati.

Mtu mzima ako na kama kilo moja ya kalsiamu mwilini. Asilimia 99 iko kwa mifupa na meno. Ile 1 inayobaki ndiyo iko kwa damu na ndani ya seli, na hiyo kidogo ndiyo inafanya misuli ikaze na ilegee, mishipa ya fahamu ipitishe habari, damu igande ukijikata, moyo upige vile unafaa. Sasa hiyo ya damu mwili haukubali ichezewe. Inawekwa kati ya 2.1 na 2.6 hivi, hizo ni milimoli kwa lita (maabara zingine huandika 8.5 hadi 10.5, miligramu kwa desilita, ni kitu kile kile), usiku na mchana, uwe umeshiba samaki ama umelala njaa. Mifupa ni sako na damu ni pesa ya mfukoni, mwili utakopa sako miaka na miaka kabla ukubali mfuko ukauke. Ndiyo unapata shosho mifupa imekonda mpaka inavunjika akikohoa, na kalsiamu yake ya damu inasoma sawa kabisa. Kwa hivyo mtu akija kwangu "nipime kalsiamu nijue kama mifupa iko sawa" hicho kipimo hakitamjibu.

Kijana_wa_Kondele
Nimeketi hapa mbele na chai. Endelea

Bonoko254
Uzi mrefu hivi bana, fupisha

LabuTeki_Nax
@Bonoko254 hakuna kufupisha, kunywa maji urudi.

Nyuma ya thairoidi, ile tezi ya shingoni ambayo ikivimba ndiyo goita, kuna tezi zingine nne ndogo zinaitwa parathiroidi. Kila moja saizi ya punje ya mchele. Majina yanafanana kwa sababu ni majirani tu, kazi ni tofauti kabisa. Hizi zinapima kalsiamu ya damu saa zote, na ikishuka hata kidogo zinamwaga homoni ya parathiroidi, kwa karatasi ya maabara utaiona imeandikwa PTH. Hiyo homoni haikai, dakika chache imeisha kwa damu, ni lazima tezi ziendelee kumwaga ingine.

Inaenda mahali pawili. Kwa mifupa inaamsha seli za kumumunya mfupa ndio kalsiamu itoke. Kwa figo inafanya mambo matatu kwa mpigo: inazuia kalsiamu isiende na mkojo, inafukuza fosfeti itoke, halafu inaamrisha figo ichukue vitamini D ya kawaida iigeuze kuwa ile kali inayofanya kazi. Hiyo D kali ndiyo inashuka kwa utumbo kufungulia kalsiamu ya chakula iingie. Bila hiyo unaweza kula omena debe nzima na nyingi itoke vile iliingia. Kalsiamu ikirudi juu tezi zinanyamaza, kwisha. Wale walisoma bayolojia watauliza kalsitonini iko wapi, ile ya kushusha. Ipo, lakini kwa binadamu mchango wake ni mdogo, watu waliotolewa thairoidi yote hawabaki nayo na kalsiamu yao haipandi kwa sababu hiyo.

Na nyie wa Nakuru mnaopenda kuringia watu na vifaru vya Lake Nakuru, chukueni hii: mtu wa kwanza kuziandika hizi tezi ni Richard Owen, na alizipata kwa kifaru wa India aliyekufa zuu ya London mwaka wa 1849. Kwa binadamu ilingoja mpaka 1880, mwanafunzi wa udaktari kule Uswidi anaitwa Ivar Sandström ndiye alizipata. Miaka hiyo yote madaktari walikuwa wanatoa goita, wakati mwingine wanazitoa nazo bila kujua, mgonjwa anakakamaa mikono na wengine wanakufa na hakuna anayejua kwa nini. 1909 ndio MacCallum na Voegtlin huko Marekani walionyesha kwamba ukimpa kalsiamu kule kukakamaa kunaisha.

Kijana_wa_Kondele
Sasa hapo ndio umenigusa. Mathe alitolewa goita, sitataja wapi, siku ya pili akaanza kusema mdomo unawashawasha kama amekula pilipili halafu vidole vikaanza kufa ganzi, tukaambiwa ni woga wa operesheni. Usiku mkono ukajikunja tukaanza kuomba tukidhani ni vitu vingine. Alikuja kuwekewa dripu asubuhi ndio akatulia. Hiyo ilikuwa hizi tezi?

Sista_Lurambi
Kijana pole sana kwa mamako. Mimi ni muuguzi, nimekaa wodi ya upasuaji miaka mingi, hiyo umeeleza ndiyo yenyewe. Baada ya kutoa thairoidi zile tezi ndogo zinaweza kuwa zimetolewa nayo, ama zimebaki lakini damu yake imekatwa kidogo zikazimia kwa muda. Kalsiamu inashuka siku ya kwanza mpaka ya tatu hivi. Dalili ya kwanza ni hiyo ya midomo na ncha za vidole, mgonjwa anasema "sista nasikia sindano sindano". Mimi mgonjwa wa goita akiniambia hivyo siendi kumuuliza kama anaogopa, naenda kuchukua mashine ya presha. Unafunga ile kitambaa kwa mkono, unapandisha ipite presha yake ya juu kidogo, unaiacha dakika tatu. Kama kalsiamu iko chini utaona kidole gumba kinaingia ndani ya kiganja, kifundo kinakunjika, vile vidole vingine vinanyooka na kushikana pamoja, ncha zote zinaelekea mahali pamoja, na yeye mwenyewe hawezi kuvifungua hata akitaka. Ukishaiona mara moja hutaisahau. Hapo unaita daktari mbio kwa sababu ikiendelea kushuka koo linaweza kubana na degedege zikaja.

Ile dawa ya mshipa, kalsiamu glukoneti, inaenda polepole, kama dakika kumi, na moyo unaangaliwa kwa mashine. Haisukumwi kama sindano ya malaria.

Mamako anaendelea na dawa gani sasa?

Kijana_wa_Kondele
Asante sista. Ako na vidonge vya kalsiamu na vingine vidogo vinaitwa alfakalsidoli. Alikuwa anataka kuacha hivyo vidogo juu ni ghali, anasema jua la Kisumu linatosha kumpa vitamini D

LabuTeki_Nax
Asiache bila kuongea na daktari wake tafadhali. Rudi kwa ile kazi ya figo niliandika. Jua la Kisumu litampa vitamini D ya kawaida, sawa, ini litaifanyia hatua yake, lakini hatua ya mwisho inafanyika kwa figo na anayeamrisha figo ni PTH, na yeye PTH hana ama ako na kidogo. Ndiyo anapewa alfakalsidoli, ile ambayo hatua ya figo ilishafanywa tayari. Kwa wengi tezi zinaamka baada ya wiki kadhaa na dawa inapunguzwa, kwa wachache hazirudi na inakuwa dawa ya maisha.

Na kuna kitu kingine watu hawaambiwi. Mtu wa aina hiyo hafai kusukumwa mpaka kalsiamu yake iwe katikati ama juu. Madaktari huiacha upande wa chini chini, pale tu dalili zimeisha, kwa sababu bila PTH figo haijui kushikilia kalsiamu, inaimwaga kwa mkojo, na ukizidisha vidonge unatengeneza mawe ya figo. Kwa hivyo akiongeza mwenyewe "ndio nipone haraka" anajiumiza. Kupima kila baada ya muda, hiyo ndiyo dawa yake kubwa.

Mkulima_Njoro
Hii mambo naijua kwa ng'ombe. Niko na Frizia, uzao wa nne, akizaa tu masaa yanapita unampata amelala chini, masikio baridi kabisa kama umeyatoa kwa friji, pua imekauka, kichwa amekigeuza amekilaza ubavuni. Majirani wanakuambia umpige asimame. Veti wetu alikuja na chupa ya kalsiamu, akaiweka kwanza kwa ndoo ya maji vuguvugu, akatafuta mshipa wa shingo, ikaanza kushuka polepole huku ameweka sikio kwa moyo wa ng'ombe. Chupa haijaisha ng'ombe akaanza kutetemeka misuli, akacheua hewa, akatoa choo, akainua kichwa, na muda si mrefu akasimama kama hakuna kitu kimetokea. Wanaiita homa ya maziwa lakini homa hana, ni baridi tu. Swali langu, ng'ombe alikuwa anakula lusani na chumvi ya madini kila siku, kalsiamu iliisha aje?

LabuTeki_Nax
Mzee swali lako ndilo roho ya huu uzi wote.

Angalia hesabu. Lita kumi za maziwa ya kwanza, dang'a, zinabeba zaidi ya gramu 20 za kalsiamu. Plasma yote ya ng'ombe ina kama gramu 3. Yaani kukamua mara moja kunahitaji karibu mara saba ya kile kiko kwa damu, na inafaa kutoka mahali sasa hivi. Mifupa inayo tele, utumbo unayo. Shida ni amri. Miezi ile alikuwa amekauka hajakamuliwa, unamlisha lusani iliyojaa kalsiamu, tezi zake zilikuwa zimelala kwa sababu hazikuwa na kazi. Siku ya kuzaa zinaamshwa ghafla, na mifupa na utumbo huchukua siku moja mbili kuitikia. Katikati hapo ndipo anaanguka. Tena lusani ina potasiamu nyingi inayofanya damu iegemee upande wa alkali, na damu ikiwa hivyo mifupa na figo zinakuwa ngumu kusikia PTH hata ikimwagwa. Na ng'ombe wazee wanaitikia polepole kuliko wadogo, ndiyo unaona kwa uzao wa tatu kwenda juu sana kuliko mtamba.

Kwa hivyo wiki mbili tatu za mwisho kabla azae wataalamu husema upunguze kalsiamu, sio kuongeza, mpe nyasi kavu, lusani ngoja mpaka azae, na uulize veti kuhusu magnesiamu. Tezi zinaanza mazoezi mapema. Huyo ng'ombe wako ndiye mfano wa kuonyesha kwamba kalsiamu ya damu inaweza kushuka chini kabisa kwa mnyama anayekula kalsiamu kila siku.

Mkulima_Njoro
Kumbe tulikuwa tunamharibu na mapenzi. Asante daktari

LabuTeki_Nax
Si daktari mzee, ni wa maabara 😂

NyarDunga
Mimi nataka kujua ya watu sasa. Huku Dunga tunakula omena, sukuma, mala. Tuko sawa ama tununue vidonge?

LabuTeki_Nax
Mko sawa kuliko watu wa mjini wanaokunywa chai ya rangi na mkate. Omena inaliwa na mifupa yake yote, hapo ndipo kalsiamu iko, tilapia ukitoa mifupa umeitupa nayo. Kikombe cha maziwa kina kama miligramu 300, mtu mzima anahitaji kama 1,000 kwa siku, mama aliyepita miaka 50 kama 1,200. Sukuma kalsiamu yake inaingia vizuri. Spinachi na terere zinayo kwa karatasi lakini zina oksaleti inayoishika isiingie, kula tu kwa sababu zingine. Na odowa, kabla mtu aulize, ule udongo wa wajawazito, hapana, hiyo inahusishwa na kuishiwa damu, usiihesabu kama kalsiamu.

Wajawazito ni hadithi tofauti, Shirika la Afya Duniani linashauri gramu 1.5 hadi 2 kwa siku kwa wanaotoka maeneo ambayo watu hula kalsiamu kidogo, kupunguza hatari ya ile presha ya mimba. Hiyo mtu anapewa kliniki, inagawanywa mara kadhaa kwa siku kwa sababu utumbo hauwezi kuchukua zaidi ya kama 500 kwa mkupuo, na isimezwe pamoja na vidonge vya damu, zinagombana.

Mpita_Njia_Ahero
Naomba niulize bila watu kunihukumu. Niko kwa dawa za kila siku, ile ya mara moja yenye DTG, na kemisti ameniuzia kalsiamu. Kuna shida?

Sista_Lurambi
Hakuna wa kukuhukumu hapa ndugu. Shida ipo na inarekebishika. Kalsiamu inashika DTG, hiyo ARV yako, tumboni isiingie kwa damu vizuri. Ukimeza zote mbili pamoja na chakula ni sawa. Ukiwa hujala, meza DTG kwanza, kalsiamu ikae masaa mawili mbele, ama kama umeanza na kalsiamu ngoja masaa sita. Dawa za asidi za kutafuna nazo zina mambo yao, hizo uliza kliniki. Na uwaambie wakupime figo kama kawaida kwa sababu tenofovia, ambayo huwa ndani ya hicho kidonge, inaweza kufanya figo imwage fosfeti kwa watu wachache na mifupa ikauma. Usiache ARV hata siku moja kwa sababu ya hii, kama ni kuacha, acha kalsiamu mpaka uulize.

Na wale wa dawa ya thairoidi, weka masaa manne katikati yake na kalsiamu.

MamaPacha_Section58
Mtoto wangu ana mwaka na miezi minane, miguu imepinda, mama mkwe anasema ni matege na nimuoge na supu ya mifupa

LabuTeki_Nax
Kumuoga na supu 😂 mama samahani, nimecheka. Watoto wengi chini ya miaka miwili miguu inapinda kidogo halafu inanyooka yenyewe, hiyo peke yake si matege. Lakini mpeleke aangaliwe kama vifundo vya mikono vimepanuka, kama kuna vinundu kwa mbavu, kama amechelewa kutembea ama anaumwa. Huko watapima kalsiamu, fosfeti, ALP (kipimo cha damu kinachopanda mifupa ikiwa na shida), vitamini D na picha ya mkono. Matege ni mfupa unaokua bila kuwekewa madini ya kutosha. Maziwa ya mama ni mazuri kwa karibu kila kitu lakini vitamini D yake ni kidogo, na mtoto anayelelewa ndani ya ploti ya ghorofa, amefunikwa kofia na shali saa zote, haoni jua. Ngozi yetu nyeusi nayo inahitaji muda mrefu zaidi juani kutengeneza kiasi kile kile. Na kuna watoto wa jua la kutosha kabisa waliopata matege kwa sababu chakula ni nafaka tupu bila maziwa, hiyo ilionekana sana Naijeria. Hao walihitaji kalsiamu yenyewe. Unaona sasa venye ugonjwa mmoja unaweza kuwa na mlango tofauti.

Nax_Born
Na sisi wa meno ya rangi ya chai? Watu wa Kisumu wakituona wanasema hatuna kalsiamu

LabuTeki_Nax
Waambie ni floraidi. Maji ya visima vya Bonde la Ufa yanapita kwa miamba ya volkano, mengi yanazidi ile 1.5 miligramu kwa lita ambayo WHO imeweka. Floraidi inapenda kalsiamu sana, inaingia kwa jino likiwa bado linajengwa utotoni na kuharibu enameli. Ukishakuwa mkubwa vidonge vya kalsiamu haviwezi kung'arisha chochote. Ikizidi sana kwa miaka mingi mifupa nayo inakuwa minene, migumu, viungo vinauma. Kuna vichujio vya mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imefanya hiyo kazi kwa muda mrefu, inatumia tabia ile ile: floraidi inakimbilia kalsiamu ya mfupa na kubaki kwa chujio badala ya kwa mtoto wako.

Haya turudi upande wa pili ambao watu hawauzungumzii, kalsiamu kuwa JUU. Hapa ndipo naogopa kemisti.

Mtu anakojoa sana, kiu haiishi, anapimwa sukari iko sawa anarudishwa nyumbani. Choo kinafunga. Anachoka, akili inakuwa nzito, wengine wanasemekana wamerogwa ama wana msongo. Mawe ya figo yanarudi kila baada ya muda. Kalsiamu inasoma 3. Sasa swali la kwanza kabisa, kabla ya kitu kingine: PTH iko wapi? Kalsiamu ikiwa juu PTH inafaa iwe chini karibu na sifuri, tezi zimenyamaza. Kama iko juu, au hata kama iko ile tunaita kawaida kwa karatasi, hiyo si kawaida, rudieni hiyo sentensi, tezi moja imekataa kusikia. Mara nyingi ni uvimbe mdogo usio saratani kwa tezi moja kati ya zile nne, ukitolewa mtu anapona. Wa kwanza kufaulu ni Felix Mandl, Vienna 1925, mgonjwa wake alikuwa kondakta wa tramu. Wakati huo huo Marekani kulikuwa na kapteni wa meli anaitwa Charles Martell, mifupa ililiwa mpaka akapungua urefu karibu sentimita 18, wakamfungua shingo mara kadhaa hawaoni kitu, operesheni ya saba mwaka wa 1932 ndio wakaikuta tezi imejificha kifuani. Ilikuwa imechelewa, figo zilikuwa zimejaa mawe, akafa wiki chache baadaye.

Kama PTH iko chini na kalsiamu juu, hapo daktari anatafuta kwingine haraka: saratani (ya koo la chakula, ambayo huku magharibi na Bonde la Ufa tunaijua sana, inaweza kufanya hivyo), maiyeloma (saratani ya uboho), TB wakati mwingine, ama vitamini D ya kuzidisha. Na aangalie dawa: zile za presha za kukojosha za kundi la thiazaidi zinapandisha kalsiamu kidogo, lithiamu ya wagonjwa wa akili pia. Sasa wazia yule mama wa kwa laini, ako kwa hiyo dawa ya presha, anaongeza kalsiamu na D mkebe mzima bila kupimwa.

Wuon_Akinyi
Babangu ako dayalisisi Kisumu, anapewa kalsiamu ameze na chakula lakini PTH yake iko juu sana na anajikuna usiku wote. Kwani hao hawaoni PTH ikiwa juu kalsiamu ni mbaya?

LabuTeki_Nax
Kaka wanaona, ni hali tofauti. Figo zake zimeshindwa kutoa fosfeti na kugeuza vitamini D. Fosfeti inapanda, kalsiamu inavutwa chini, tezi zinapiga kelele mchana na usiku zikiomba msaada, ndiyo PTH iko juu. Tezi zake hazijaasi, zinaitikia shida. Ile kalsiamu ya chakula ni ya kukamata fosfeti tumboni isiingie, ndiyo sharti aimeze AKIWA anakula, akiimeza saa zingine haimsaidii kwa hiyo kazi. Msaidie apunguze soda nyeusi na soseji, zina fosfeti nyingi. Kujikuna kunaweza kutokana na hiyo fosfeti ama mambo mengine ya figo, kuna dawa, mwambie asinyamaze kliniki. Hizi tezi zikipigishwa kelele miaka mingi zinaweza kukua na kuanza kufanya kazi bila kusikia mtu, hapo ndipo wanaanza kuongea mambo ya kuzitoa.

Sista_Lurambi
Niongeze moja kwa sababu nimeiona matangani mara nyingi. Msichana analia, anapumua mbio mbio, mikono inakunjika vile vile nilieleza juu, watu wanaanza kukemea mapepo. Kupumua haraka kunatoa hewa chafu nyingi, damu inakuwa ya alkali, kalsiamu ile huru inashikwa na protini. Ukipima jumla iko sawa. Mketishe pembeni, ongea naye apumue polepole, inafunguka yenyewe. Ikikataa kufunguka ama kama aliwahi kutolewa goita, ni hospitali.

LabuTeki_Nax
Sista umenikumbusha la maabara. Karibu nusu ya kalsiamu ya damu imeshikwa, nyingi na albumini, na nusu ndiyo huru inayofanya kazi. Mgonjwa mwenye albumini chini (utapiamlo, ini, figo) jumla itasoma chini na yeye hana shida, kwa hivyo lazima isahihishwe, unaongeza 0.02 kwa kila gramu ya albumini iliyopungua chini ya 40. Na chupa! Ile ya kofia ya zambarau ina EDTA, kemikali yenye potasiamu inayokamata kalsiamu yote. Mtu akikosa damu ya kutosha kwa chupa ya kemia halafu amimine kutoka ya zambarau, mashine itaniambia kalsiamu karibu hakuna na potasiamu ya kuua, na mgonjwa ameketi pale anakula ndizi. Ukiona majibu hayo mawili pamoja omba damu itolewe upya kabla mtu hajawekewa dripu.

NyarDunga
Sasa mtu akienda kliniki aseme nini?

LabuTeki_Nax
Aulize kalsiamu na albumini, fosfeti, magnesiamu, figo, na PTH itolewe SIKU MOJA na kalsiamu, maana PTH peke yake bila kalsiamu ya wakati huo haisemi kitu. Magnesiamu wengi wanaisahau, ikiwa chini tezi zinashindwa kumwaga PTH na unaweza kumwagia mtu kalsiamu wiki nzima isipande. Inatokea kwa walevi, kwa wanaoharisha muda mrefu, na kwa wale wanakula omeprazoli kila siku miaka na miaka juu ya vidonda vya tumbo. Si lazima zote mara moja, PTH ni ya bei, daktari ataanza na za bei rahisi aone kama kuna haja.

Mkulima_Njoro
Swali la mwisho. Ile chupa ya ng'ombe ilibaki nusu, na mimi usiku miguu inanikaza sana. Nikitia kidogo kwa maji ninywe?

LabuTeki_Nax
MZEE HAPANA. Hiyo ilipimwa kwa mnyama wa kilo 500, tena imeshafunguliwa. Miguu kukaza usiku kwa mtu wa shamba mara nyingi hata si kalsiamu. Mwaga hiyo chupa, njoo upimwe, leta na karatasi ya dawa zote unazokula, za presha pia.

Mkulima_Njoro
Sawa. Na hizo za presha ninazo, ile ya kukojosha

LabuTeki_Nax
Basi njoo kesho asubuhi.